Vyuma Visivyong'aa

Bakubwa ba hospitali yetu banapenda kitu king'ae. Dawa ikosekane, kitu king'ae. Maji yakatike siku tatu, bamama ba kuzaa bajiletee bidoni za maji vichwani, bado kitu king'ae. Jina la hospitali silitaji. Hapa Baraka kila muntu anajua nasema wapi, na yule asiyejua atajua siku atapeleka muke wake.

Mimi banaita Papa Ketsia. Ni fundi wa chuma, karakana yangu iko kwenye barabara ya kwenda sokoni: milango, vitanda, mbabula, yale majiko ya makaa. Masomo yangu yaliishia darasa la ine juu ya vita ile ya kwanza, na kwa hilo sitaomba musamaha. Kuna bantu balisoma mpaka mwisho na bado habajui tofauti ya kitanda na kioo.

Vitanda vya zamani vya maternité, wodi ya bamama ba kuzaa, nilivitengeneza mimi, kwa mikono hii. Nilisugua zile nondo mpaka ukiinama unaona meno yako. Directeur wa wakati ule alinishika mukono mbele ya bantu akasema, "Huyu njo fundi." Nilirudi nyumbani na kichwa kikubwa. Halafu, miaka ine sasa, muke wangu Jocelyne akalala kwenye kimoja cha vile vitanda baada ya kupasuliwa. Siku ya sita mushono ulianza kunuka. Siku ya kumi na moja nilimubeba. Mutoto alikuwa ametangulia.

Niliuliza nini kilimuua. Balisema, "Infeksio, Papa. Ni mapenzi ya Mungu." Mungu huyo hakuwa na funguo ya depo ya sabuni. Funguo ilikuwa mufukoni mwa muntu.

Sisemi ni kitanda changu kilichomuua. Sijui. Nasema tu kwamba hakuna mukubwa aliyetaka kujua, na mimi vilevile sikutaka, kwa sababu kitanda kilikuwa kinang'aa.

Basi mwaka jana akaja Wilfried. Huyu ni mutoto wa kijiji cha Mboko, baba yake alikuwa anauza mihogo kando ya barabara. Akasoma Bukavu, akarudi injinia. Alisimama mbele ya karakana na kibamba cha inox, ile isiyoshika kutu, akaniuliza kama naweza kukata vingine kama kile bila kuvikunja.

"Ya kazi gani?"

"Ya kuua vijidudu vya ugonjwa, Papa."

"Utavipiga navyo?"

Alicheka, akaketi juu ya tairi, akanieleza. Anasema kijidudu kinapenda mahali laini. Kwenye chuma laini kinashika, kinazaa, kinajenga kijiji na chifu wake. Lakini chuma kile kile ukikitia miiba, miiba midogo kuliko kitu chochote jicho lako limeshaona, kijidudu kikitua pale kinatobolewa ngozi na kinakufa bila dawa.

"Kama kulalia muba wa samaki," nilisema.

"Kama kulalia shamba zima la miiba, Papa."

Sikuamini. Lakini nilikuwa muntu wa kuamini nini tena? Nilikata.

Tulitumbukiza vile vibamba katika asidi, ile ile banunuzi ba dhahabu kule Misisi banapimia mali yao, na kupitisha ndani yake umeme wa betri. Yeye alikuwa na saa, miwani na glavu mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa nashika waya na kugeuza uso, kwa sababu harufu yake inakata koo. Vibamba viliingia kama kioo. Vilitoka na rangi ya majivu, bila mwanga hata kidogo, kama tumbo la samaki aliyelala siku mbili.

Wilfried alikwenda kula. Mimi nikabaki navyo, nikaona haya.

Muelewe vizuri haya yangu. Kwetu kitu kisichong'aa ni cha muvivu. Bamama banashuka ziwani asubui na sufuria, banasugua na muchanga na majivu, halafu banazipanga juani mbele ya nyumba na makalio yake nje, kila mupita njia aone. Bakwe bakija kuposa, macho yao yanakwenda kwanza kwenye makalio ya sufuria, uso wa binti baadaye. Jocelyne wangu, zake zilikuwa zinapofusha. Majirani balimuambia, "Mama Ketsia, funika, ndege zitaanguka." Na mimi, fundi na bwana wa muke wa namna ile, nikabidhi kazi yenye rangi ya majivu? Nilichukua vibamba vinne, nikashuka ziwani, nikavisugua na muchanga mpaka vikawaka. Wilfried alipofika nilimupa nikitabasamu.

Alikaa chini, pale pale kwenye mabati, akashika kichwa.

"Papa Ketsia," alisema, "umenyoa miiba yote."

Hakunitukana. Alitoa visahani vya plastiki vyenye chakula cha vijidudu, kitu kama uji ulioganda. Akachukua maji machafu ya kuoshea samaki, akapaka kibamba nilichosugua na kibamba cha majivu, akangoja, akagusisha kila kimoja kwenye kisahani chake. Baada ya siku mbili aliniita. Kisahani cha kibamba changu kinachowaka kilikuwa kimejaa madoa kama upele kwenye mugongo wa mutoto. Kile cha majivu kilikuwa na madoa matatu. Nilihesabu mwenyewe. Matatu.

"Haiui yote," alisema. "Sabuni na maji basiviache. Lakini kwa kitambaa laini. Muchanga hapana. Chuma cha kusugulia hapana. Kamwe."

Nilirudi nyumbani na sikula. Nilikuwa nafikiri vile vitanda vya zamani, na mukono ule wa Directeur ulionishika mbele ya bantu.

Tulivifunga vibamba katika chumba cha kuzalishia. Hapo hapo njo banapasulia pia. Panapaswa kuwa vyumba viwili, lakini ukuta wa katikati uliliwa ukiwa bado kwenye karatasi. Tulivalisha navyo vyuma vya kando ya kitanda, juu ya shario, ile meza ya magurudumu banawekea mikasi na pamba, na mukono wa mulango. Miezi mitano vilikaa na majivu yake. Mama Dévote, muzalishaji, Murundi aliyekuja kama mukimbizi na sasa amezalisha nusu ya Baraka, alikuwa anavipangusa mwenyewe na sabuni na kitambaa cha pamba.

Na binti yangu Ketsia akawa na mimba. Mutoto alilala kwa kukingama, hakutaka kugeuka. Muganga aliandika tarehe: siku ya tano, njo Ijumaa, atapasuliwa. Kwenye chumba kile. Kama mama yake.

Siku ya tatu, Jumatano mchana, Mama Dévote aliingia karakana yangu haraka, kitenge kimeanza kufunguka.

"Papa Ketsia, banakwenda kusugua."

"Nani anasugua nini?"

"Kesho bakubwa ba jimbo banakuja kukata utepe wa paa jipya. Directeur Jacques ameona bile byuma byako, anasema ni aibu. Ameita bamama ba usafi balete muchanga kesho asubui. Basugue kila kitu mpaka bakubwa bajione sura."

"Na siku ya tano Ketsia anapanda pale."

"Njo maana nimekuja mbio na miguu yangu hii."

Nilipiga simu kwa Wilfried. Alikuwa njiani Misisi, kwenye milima isiyo na réseau. Yule mama wa ndani ya simu aliniambia hapatikani mara saba. Basi nilivaa shati na kwenda kwa Directeur mwenyewe.

Jacques si mubaya wa sura. Anavaa viatu vyeupe katika muji wa vumbi, na kuna muntu analipwa kuvipangusa.

"Papa Ketsia! Karibu, kaa. Umekuja juu ya mulango wa depo?"

"Nimekuja juu ya muchanga."

"Muchanga gani?"

"Ule umeagiza bamama kesho."

Alicheka. "Ah, ile! Papa, televizio inakuja. Mi nibaonyeshe bakubwa kitanda chenye rangi ya samaki aliyelala?"

"Hiyo rangi njo kazi yake."

"Rangi haina kazi, Papa. Rangi ni rangi."

Nilimueleza miiba. Nilimueleza visahani, upele, madoa matatu. Alikuwa ananisikiliza kama muntu anavyosikiliza mvua, anangoja ipite.

"Umeiona hiyo miiba?"

"Sijaiona."

"Wilfried ameiona?"

"Na mashine, kule Bukavu."

"Basi Bukavu basifie miiba. Hapa Baraka banasifia usafi." Akachukua kalamu. "Papa, we ni fundi wa mbabula. Mi sikufundishi kuchomelea, na we usinifundishe hospitali."

"Mbabula yangu haijaua muntu."

Kalamu ilisimama. Katibu wake, kwenye kona, aliinamisha uso kwenye karatasi kama anatafuta sindano.

"Ondoka," alisema Jacques.

"Binti yangu anapasuliwa pale siku ya tano."

"Atapasuliwa mahali panapong'aa. Unataka nini tena?"

Nilitoka. Njiani nilifikiri kufungua misumari na kubeba vibamba nyumbani. Lakini Ketsia angepasuliwa juu ya nini? Nilifikiri kulia mbele ya bakubwa. Bameshazoea vilio, banavipigia picha. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimebaki na wazo moja, la kijinga, na ni hilo nililofuata.

Siku ya ine, Alhamisi asubui, jua limeshatoka, nilikuwa mulangoni mwa maternité kabla ya bamama. Mama Dévote alifungua. Nilipita moja kwa moja nikataka kupanda kitandani.

"We! Papa!" Alinishika mukono. "Na miguu hiyo? Umetoka barabarani!"

"Sina muda, mama."

"Mi pia sina muda wa kusafisha mavumbi yako. Kwenye kitanda changu hakuna anayepanda hivyo, hata kama ni Askofu."

Alinisimamisha kwenye beseni, akaniosha miguu mpaka magotini na mikono mpaka viwikoni, kwa sabuni, kama mutoto. Akatandika shuka. Akanivika vazi la kijani la bagonjwa, lile linalofungwa nyuma, na nyuma halifungiki kabisa. Nilipanda. Nikavuta shario mpaka kifuani nikaikumbatia. Nilimuambia afunge mulango, akasema hafungi, yeye ana kazi na anataka kubaki nayo. Lakini alisimama pembeni, mikono imekunjwa, na hakutoka.

Bamama balikuja sita. Kila mumoja na beseni la muchanga mweupe wa ziwani, majivu kwenye kopo, vipande vya gunia. Mbele yao Mama Chérie. Huyu ni jirani yetu tangu zamani, sauti yake kwenye koro ya kanisa inafunika ngoma. Alisukuma mulango, akaniona, akasimama. Halafu beseni likaanza kutetemeka kwa kicheko.

"Eh! Papa Ketsia! Uchungu umeanza saa ngapi?"

"Mutoto amegeuka bizuri?" mwingine aliuliza.

"Sukuma, Papa! Usione haya, sisi sote ni bamama!"

"Muache apumue kwanza!"

"Na baba wa mutoto iko wapi? Amekimbia? Banaume njo hivyo!"

Niliacha bacheke. Kicheko si muchanga, hakinyoi kitu.

"Hamsugui hapa," nilisema. "Mi sitatoka."

"Directeur ametutuma," alisema Mama Chérie. Alikuwa bado anafuta machozi. "Na kusema kweli, Papa, angalia hii aibu. Hiki ni chuma ao ni jiwe la kuanikia? Angekuwa Mama Ketsia, angekifanya kiwake mpaka Ubwari, ng'ambo ya maji, baone." Akainama pale pale kwenye mukono wa mulango, akachota muchanga na gunia.

"Usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka shario ikalia. Alirudisha mukono.

"Ni nini? Iko na uchawi?"

"Iko na miiba."

Alipitisha kidole. "Sioni muba."

"Haionekani."

Aligeukia benzake. "Munasikia? Miiba isiyoonekana. Kama akili ya banaume."

Balicheka tena, na mimi vilevile karibu nicheke, kwa kweli. Lakini niliona gunia linarudi kwenye mulango. Basi nilisema, nikiwa nimekalia kitanda cha kuzalia na mugongo wangu uko wazi kwa upepo. Nilibaambia kila kitu. Kwamba mimi njo wa kwanza kushuka na vyuma hivi ziwani. Kwamba nilivisugua vizuri kuliko batakavyovisugua bao, na niliua kazi ya mwezi muzima kwa robo saa. Nilibaambia upele kwenye kisahani changu, na madoa matatu kwenye kile kingine.

"Kwa hiyo uchafu unapenda kitu kinachong'aa?" Mama Chérie hakuwa anacheka sana sasa.

"Ule wa macho unakimbia. Ule usioonekana unakaa. Vitanda vya zamani nilisugua mimi, Chérie. Vilikuwa vinawaka. Unajua nani alilala pale."

Nje kuna muntu alikuwa anapiga nyundo, banafunga vitambaa vya rangi kwenye nguzo.

Mama Chérie aliweka beseni chini.

"Mi nilimuogesha," alisema. Hakusema na mimi, alisema na muchanga wake. "Mi na Mama Nibizi. Tulifungua ile bandeji. Tulitia manukato chupa nzima na bado haikufunika. Mwezi muzima nilikuwa nasikia ile harufu kwenye mikono, nikila ugali nasikia." Aliinua uso kwa Mama Dévote. "Weye iko muganga. Anasema kweli?"

Mama Dévote alitazama kitanda kwanza. Ni muntu asiyependa kusema kitu hajakipima.

"Mi sijui miiba," alisema. "Ninajua hesabu ya bidonda byangu. Mwaka jana, miezi mitano, mishono minane ilioza hapa. Miezi hii mitano, miwili. Inaweza kuwa ni byuma. Inaweza kuwa ni kitambaa na sabuni, kwa sababu Wilfried alinifundisha upya na mi nafuata. Inaweza kuwa Mungu. Lakini sitaki muntu yeyote aguse kitu mpaka nijue ni kipi."

Mama Chérie alichukua beseni lake, akatoka. Tulisikia muchanga ukimwagika nje, kwenye majani. Halafu wa pili akatoka, halafu wa tatu. Yule wa mwisho, binti mugeni kwenye kazi, aliuliza polepole kama batalipwa siku ile. Mama Chérie alimuambia, "Utalipwa mbinguni, na kule hakuna katibu." Balirudi sita, mabeseni matupu, bakaketi ukutani chini ya dirisha.

Jacques alifika na polisi mumoja, Albert. Aliona mabeseni matupu, aliniona mimi, na uso wake ulibadilika rangi mara mbili.

"Huyu ni nini?"

"Ni Papa Ketsia, Patron," alisema Albert.

"Najua ni nani! Nasema ni nini! Mutoe!"

Albert alinikaribia. Muke wake alizalia pale mwezi wa pili, mapacha. Alinishika bega kidogo tu, kama muntu anayepima kama embe limeiva.

"Papa, shuka basi."

"Sishuki."

"Patron, ameikumbatia shario. Nikimuvuta, itakuja naye, na bintu byote bya bamuganga bitaanguka. Nitaandika nani ameangusha?"

Jacques alifungua mudomo ajibu, na hapo tukasikia honi. Magari mane, matano. Batoto ba shule bakaanza kuimba nje. Jacques alinitazama, akatazama viatu vyake, akatazama mulango. Alisukuma Albert nje, akafunga, akageuza funguo. Tulibaki ndani mimi, Mama Dévote na bamama sita.

Hotuba tulizisikia zote kupitia dirisha. Ya kwanza ilishukuru ya pili. Halafu ikaja ya Jacques. Alisema juu ya paa jipya. Alisema juu ya rangi. Halafu, sikilizeni vizuri, alisema hivi: "Na chini ya usimamizi wetu, hospitali hii imeingiza vyuma vya kisasa vyenye kupigana na vijidudu vyenyewe, bila dawa, kitu hata miji mikubwa bado haina!"

Bantu balipiga makofi. Mama Chérie aliingiza gunia mudomoni.

Sauti ya mama mumoja, katika bakubwa, ikasema: "Directeur, hivyo vyuma naomba nivione."

Nilifikiri, sasa njo tutajua.

"Excellence," alisema Jacques, "chumba kina mugonjwa. Yuko kwenye uchungu."

Bamama balinigeukia mimi, vichwa vyote pamoja. Na Mama Chérie akatoa gunia, akafumba macho, akaachia muguno wa muke aliyefikia saa yake, murefu, wa kutoka kwenye visigino, mpaka Mama Dévote akaruka. Nje tulisikia yule mama mukubwa anasema, "Maskini! Basi tumuache, tumuombee," na bakaniombea. Bakubwa ba jimbo, kofia mukononi, baliniombea nizae salama.

Balipoondoka, Albert alinipeleka cachot, mahabusu ya polisi. Nilivaa suruali yangu kwanza. Nilipotoka mulangoni nilitazama ule mukono wa mulango: majivu, kama tulivyouacha.

Sheria inasema masaa makumi ine na nane, lakini saa ya cachot haina mishale. Siku ya tano nzima nilikaa mugongo ukutani, ngumi kwenye meno. Nilijua saa baliyomuingiza Ketsia kwa sababu muganga alisema baada ya misa, na kengele ilikuwa imelia. Hakuna aliyekuja. Nilikuwa naongea na Jocelyne, na sitasema nilimuambia nini.

Saa kumi Mama Chérie alikuja na ugali na dagaa, akasemea kwenye tundu la mulango.

"Binti. Kilo tatu na kidogo. Analia kama mi."

"Na mama yake?"

"Amelala. Kitanda nilipangusa mi mwenyewe na Dévote. Kitambaa laini, Papa. Nilikuwa napangusa kama macho ya mutoto."

"Mushono?"

"We! Wa leo! Ngoja."

Nilingoja. Siku ya sita ya Jocelyne ilikuwa inakaa na mimi mule ndani kama mufungwa wa pili. Kila Mama Chérie alipokuja niliuliza harufu, na kila mara alijibu, "Sabuni." Siku ya sita ya mushono wa Ketsia alichelewa. Jua lilipanda, likasimama juu ya bati. Alipofika alikuwa na Mama Dévote nyuma yake, na nilishika chuma cha mulango kwa mikono miwili.

"Nimefungua bandeji asubui," alisema Mama Dévote. "Ni kavu."

"Sema tena."

"Kavu, Papa. Kama karatasi."

Niliketi chini. Balizungumza kitu kingine, sikusikia.

Jioni ile Jacques alikuja mwenyewe na karatasi iliyopigwa kwa mashine. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na yule mama mukubwa, nilisikia baadaye, alikuwa ameandika kwamba atarudi kuviona vyuma. Albert alinifungulia, akanipa kiti.

"Papa Ketsia, tumalize hii," alisema Jacques. "Nimeandika kwamba unajuta kuvuruga kazi ya hospitali, na kwamba hautarudia. Weka sahihi, nenda ukaone mujukuu. Mi sina ubaya."

"Na muchanga?"

"Muchanga tutaona."

"Tutaona nini?"

"Papa, mi njo nasimamia pale. Sitaandikiwa sheria na fundi."

Nilimuomba kalamu. Aliitoa haraka, akafurahi. Niligeuza karatasi yake upande wa nyuma, ulio mweupe, nikainama. Mukono wangu hauandiki mbio. Herufi zangu ni kubwa, na jasho lilikuwa linadondoka. Albert alisimama begani mwangu akawa anasoma kwa sauti, neno kwa neno, jinsi lilivyokuwa linatoka:

"MI PAPA KETSIA NILIKALIA KITANDA. SIJUTI. WALETE MUCHANGA NITAKIKALIA TENA."

Jacques alinyoosha mukono achukue karatasi. Niliizuia na kiwiko, kwa sababu sahihi ilikuwa bado.